Kifaa, mnara au macho: rubani afuate nini ndege mbili zinapokaribiana wakati wa kutua

Rubani anayeileta ndege ya abiria Mtwara akitokea Dar es Salaam ana njia tatu za kujua kwamba mbele yake kuna ndege nyingine: kifaa cha kuzuia ndege kugongana, ambacho marubani wote hukiita TCAS, mwongoza ndege aliye mnarani, na macho yake mwenyewe pamoja na ya rubani msaidizi. Katika safari nyingi njia hizo tatu husema jambo moja, na hapo hakuna la kuchagua. Makala haya yanahusu zile sekunde chache ambapo zinapingana, na hasa ndege ikiwa imekwisha kushika njia ya kushuka kuelekea uwanjani, kwa sababu hapo jibu linalofundishwa kwa maneno mawili, yaani "fuata TCAS", ni sahihi mpaka kimo fulani tu, na chini ya kimo hicho kifaa chenyewe huacha kutoa amri na kumwachia rubani uamuzi. Nimewafikiria zaidi vijana wa Mtwara na Lindi wanaosomea urubani na uongozaji wa ndege, lakini abiria aliyewahi kushtuka ndege ilipoinua pua ghafla karibu na uwanja naye atapata humu maelezo ya alichokiona.

Nani anajua nini

TCAS haitegemei mnara wala rada ya ardhini. Huuliza transponda za ndege za jirani, yaani vifaa vya redio vinavyojibu vyenyewe vikiulizwa, kwa masafa ya megahezi 1030 na kupokea majibu kwa megahezi 1090. Muda ambao jibu limechukua huipa umbali, na kimo hukisoma ndani ya jibu lenyewe. Kipimo chake cha hatari ni sekunde zilizobaki kabla ndege hazijakutana, si kilomita. Zikibaki sekunde kati ya 48 na 20, kutegemea kimo, hutoa tahadhari, ambayo ni sauti inayotaja uwepo wa ndege nyingine bila kumwambia rubani la kufanya. Hatari ikiendelea mpaka zikabaki sekunde kati ya 35 na 15, hutoa amri: panda, shuka, au punguza kasi yako ya kupanda au kushuka. Muda ulio mfupi zaidi ndio unaotumika kwenye vimo vya chini, kwa hiyo rubani anayekaribia kutua hupewa nafasi ndogo ya kufikiri kuliko mwenzake aliye futi 30,000.

Nguvu kubwa ya kifaa hiki iko kwenye makubaliano. Ndege zote mbili zikiwa na TCAS, vifaa vyao huwasiliana kabla ya kutoa amri: kimoja kikichagua kupanda, kingine hulazimika kuchagua kushuka. Hakuna mwongoza ndege wala jicho la binadamu linaloweza kuzipatanisha ndege mbili kwa haraka hiyo, na ndiyo maana amri yake ina uzito ambao taarifa nyingine haina. Udhaifu wake nao ni wazi. Ndege isiyo na transponda, au iliyoizima, kwa TCAS haipo. Ndege ambayo transponda yake haitoi kimo huleta tahadhari tu, kwa kuwa kifaa hakiwezi kuamuru kupanda au kushuka bila kujua mwenzake yuko juu au chini. Aidha, upande ambao alama ya ndege ile huonekana kwenye skrini si wa kutegemewa, kwa kuwa antena ya TCAS hupima umbali vizuri lakini hukadiria mwelekeo tu; rubani anayekata kona kwa kuitazama alama hiyo anaweza kujipeleka kulekule anakokukimbia.

Mwongoza ndege anajua kitu ambacho TCAS haikijui kabisa, nacho ni nia. Anajua kwamba helikopta itarejea kutoka baharini, kwamba ndege ndogo imeondoka Songo Songo au Kilwa Masoko, kwamba nyingine inajiandaa kuruka kutoka Kikwetu, uwanja wa ndege wa Lindi, umbali usiozidi kilomita 80 kutoka Mtwara kwa mstari ulionyooka. Anaweza kuzitenganisha ndege dakika kumi kabla hazijakaribiana, na hiyo ndiyo kinga bora kuliko zote. Lakini ndege zikishakaribiana, picha aliyonayo huwa imechelewa. Rada nne za kiraia ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iliziweka ziko Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Mtwara iko takriban kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, na kwa umbali huo mviringo wa dunia huufanya mwale wa rada upite karibu kilomita 9 juu ya ardhi. Ndege iliyo futi 2,000 juu ya Mikindani, jirani na Mtwara, iko mbali sana chini ya mwale huo. Kwa hiyo picha ya ndege za chini kusini mwa nchi hujengwa zaidi kwa maneno, yaani kimo na mahali ambapo kila rubani ametaja redioni, na maneno hayo huwa sahihi kwa wakati yaliposemwa tu.

Macho yana sifa moja ambayo vifaa havina, kwamba huiona hata ndege isiyo na transponda. Zaidi ya hapo, nayaweka ya mwisho, na sababu yake ni ya kimaumbile. Ndege iliyo kwenye njia ya kugongana nawe haisogei kwenye kioo. Hubaki palepale ikiwa nukta ndogo, kisha hukua ghafla katika sekunde za mwisho, ilhali jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachotembea. Ongeza ukungu wa baharini asubuhi, au moshi wa mashamba yanayosafishwa kabla ya mvua, na nukta hiyo haionekani kabisa. Tarehe 25 Septemba 1978 huko San Diego, marubani wa Boeing 727 ya shirika la PSA iliyokuwa inakuja kutua waliambiwa juu ya Cessna iliyo mbele yao, wakajibu kwamba wanaiona, kisha wakaipoteza machoni bila mnara kuelewa hivyo. Ndege hizo ziligongana na watu 144 wakafariki dunia, saba kati yao wakiwa ardhini. Kauli ya "ninaiona" haithibitishi kwamba ndege inayoonekana ndiyo inayotajwa, wala kwamba itaendelea kuonekana.

Kifaa dhidi ya mnara, ukiwa bado juu

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen kusini mwa Ujerumani, Tupolev 154 ya Bashkirian Airlines na Boeing 757 ya mizigo ya DHL zilikuwa kwenye kimo kimoja cha futi 36,000. Mwongoza ndege wa Zürich, aliyekuwa akihudumia meza mbili za kazi peke yake, aliiambia Tupolev ishuke. Muda mfupi baadaye TCAS ya Tupolev iliamuru kupanda, na ile ya Boeing ikaamuru kushuka. Marubani wa Boeing walitii kifaa. Wa Tupolev walimtii mwongoza ndege, ambaye hakujua kwamba TCAS imekwisha kusema. Ndege zote mbili zikashuka pamoja. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto.

Mwaka mmoja na nusu kabla yake, tarehe 31 Januari 2001, ndege mbili za Japan Airlines zilikuwa zimenusurika kwa namna ileile huko Japani: mwongoza ndege alikosea utambulisho na kuiambia Boeing 747 ishuke, TCAS ikaiambia ipande, rubani akamfuata mwongoza ndege huyo, na kujinasua kwa dakika ya mwisho kukawajeruhi watu wapatao 100 kati ya 677 waliokuwa ndani ya ndege hizo. Laiti somo hilo lingekuwa limewafikia marubani wote kabla ya Überlingen! Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliirekebisha kanuni mwaka 2003, na tangu hapo hakuna utata: amri ya TCAS ikipingana na maelekezo ya mwongoza ndege, rubani hufuata amri ya TCAS.

Sababu ya kanuni hiyo inafaa kueleweka, isikaririwe tu. Siyo kwamba mashine ina akili kuliko mtu. Ni kwamba rubani wa ndege ya pili, usiyemwona wala kumsikia, ameamriwa akwepe kwa kuamini kwamba wewe utafanya upande wako. Ukimtii mnara badala ya kifaa, unavunja makubaliano ambayo mwenzako tayari anayatekeleza, na kinyume cha amri ndicho kitendo kibaya kuliko vyote, kibaya hata kuliko kutofanya lolote.

Kutii kwenyewe kuna kipimo chake. Rubani hutakiwa kuanza kuitikia ndani ya sekunde 5, kwa mkono mtulivu unaoongeza mzigo wa mwili kwa robo tu ya nguvu ya uvutano, mpaka afikie kasi inayoonyeshwa kwenye kipimo cha kupanda na kushuka, ambayo kwa amri ya kawaida ya kupanda ni futi 1,500 kwa dakika. Amri ikigeuzwa au kuongezwa nguvu, muda hupungua hadi sekunde 2.5. Kuvuta kupita kiasi nako ni kosa, kwani kunaweza kuipeleka ndege kwenye kimo cha ndege ya tatu. Redioni husemwa maneno mafupi tu, kwamba ndege inafuata amri ya TCAS, na kuanzia hapo mwongoza ndege huacha kuipa ndege hiyo maelekezo ya kubadili njia mpaka rubani atangaze kwamba hatari imepita. Kwa mwanafunzi wa uongozaji ndege, huo ni wakati wa kujizuia hata kama moyo unakwenda mbio: maelekezo yoyote ya kimo atakayoyatoa hapo yatamchanganya mtu ambaye tayari anaokolewa. Anachoweza kutoa ni taarifa ya ndege nyingine zilizo karibu.

Kuna maonyo machache yanayoizidi TCAS, nayo ni onyo kwamba ndege inakaribia kupoteza nguvu ya kuelea hewani, onyo la kukaribia ardhi, na onyo la upepo unaobadilika ghafla. Ndege inayokaribia kutua iko polepole na iko chini, hivyo maonyo haya si ya kinadharia kwake.

Jambo la kuitikia kwa mkono au kuuachia mfumo wa kujiendesha nalipita haraka. Airbus ilianza kuthibitishiwa mwaka 2009, kwa A380, utaratibu ambapo mfumo wa kujiendesha hutekeleza amri yenyewe. Penye utaratibu huo, utumike. Pasipo na utaratibu huo, rubani huuzima mfumo wa kujiendesha na kuiendesha ndege kwa mkono, na kusitasita baina ya mambo hayo mawili kunakula sekunde ambazo hazipo.

Baada ya amri: kuendelea kutua au kughairi?

Amri ya kupanda ikitolewa ukiwa kwenye njia ya kutua, huna uchaguzi: unaongeza nguvu ya injini, unapanda, unakunja magurudumu na flapu za mabawa kwa utaratibu wa kughairi kutua, na kutua hakupo tena mpaka uzunguke upya. Uchaguzi wa kweli hutokea pale amri inapokuwa ya kusawazisha tu, yaani acha kushuka na ubaki kwenye kimo hicho. Sekunde 15 baadaye hatari imepita, uwanja uko palepale mbele yako, na kishawishi cha kuendelea kutua ni kikubwa.

Tuyalinganishe kwa hesabu. Ndege inayokuja kwa kasi ya noti 140 (maili za baharini 140 kwa saa) kwenye mteremko wa nyuzi 3 hushuka takriban futi 320 kwa kila maili ya baharini. Ikisawazisha kwa sekunde 15, itakuwa imesafiri zaidi ya nusu maili bila kushuka, na itajikuta takriban futi 180 juu ya njia yake. Ikiwa bado iko futi 3,000, futi hizo hurudishwa polepole bila taabu, na kuendelea ni uamuzi halali kama mnara umekubali na ndege imetulia kwenye njia kabla ya futi 1,000. Ikiwa iko futi 1,300, kuzirudisha kunahitaji kushuka kwa kasi karibu na ardhi, huku akili za marubani wote wawili zikiwa bado kwenye ndege iliyowapita. Hapo mimi huchagua kughairi, bila kusita. Gharama yake ni mafuta na dakika kadhaa za kuzunguka juu ya bahari. Gharama ya kutua bila utulivu ni ndege kupitiliza njia ya kutulia au kugonga chini kwa nguvu.

Yupo atakayesema kwamba njia rahisi ni kuiweka TCAS kwenye hali ya kutoa tahadhari pekee wakati wa kutua, ili isisumbue. Katika viwanja vikubwa vyenye njia pacha zinazotumika kwa wakati mmoja hoja hiyo husikika, na injini moja ikizimika ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa ndege haiwezi kutekeleza amri ya kupanda. Mtwara haina njia pacha za aina hiyo, na hiyo hoja haina mashiko huko. Tena rubani aliyejiweka kwenye tahadhari pekee amejitoa katika makubaliano: TCAS ya ndege nyingine itamkwepa kama inavyokwepa ndege isiyo na kifaa, na mzigo wote wa kukwepa utaangukia upande mmoja. Dawa bora ya amri zisizo za lazima ni kupunguza mwendo wa kushuka uwe chini ya futi 1,500 kwa dakika katika futi 1,000 za mwisho kabla ya kimo ulichopangiwa, kwa sababu TCAS haijui kwamba unakusudia kusimama hapo. Inaona tu ndege inayoteremka kwa kasi kuelekea nyingine.

Chini ya futi 1,000

Hapa ulinganisho unageuka. Ndege inaposhuka, TCAS hufunga amri zake moja baada ya nyingine. Karibu na futi 1,100 juu ya ardhi haitoi tena amri ya kushuka. Karibu na futi 1,000 haitoi amri yoyote, hubaki tahadhari. Karibu na futi 500 hata sauti ya tahadhari hunyamaza, ikabaki alama kwenye skrini. Wabunifu walifanya hivyo kwa makusudi, kwani amri ya kifaa kisichoijua ardhi inaweza kumuua rubani aliye karibu nayo.

Tarehe 29 Januari 2025 jijini Washington, ndege ya abiria ya CRJ700 iliyokuwa inatua kwenye njia namba 33 ya uwanja wa Reagan iligongana na helikopta ya kijeshi aina ya Black Hawk kwenye kimo cha takriban futi 300, juu ya Mto Potomac. Wote 67 walipoteza maisha. Kama sekunde 20 kabla, TCAS ya ndege ya abiria ilitoa tahadhari. Amri haikuja, kwa sababu ndege ilikuwa chini ya kimo cha amri. Mnara ulikuwa umewauliza wa helikopta kama wanaiona ndege ile, nao wakajibu kwamba wanaiona na wakaomba wajitenganishe nayo kwa macho. Kifaa kilibakiza tahadhari, mnara uliyategemea macho, na macho yakashindwa.

Kwa hiyo, katika futi 1,000 za mwisho, kusubiri TCAS iamue ni kusubiri kisichokuja. Mwongozo wa kampuni ya rubani ndio wenye neno la mwisho, na marubani hufundishwa kutobadili njia kwa tahadhari peke yake, fundisho ambalo nalikubali kwa vimo vya juu ambako amri itafuata ikihitajika. Hapa chini napendekeza mpangilio mwingine. Tahadhari ikilia, rubani asiyeendesha atafute nje na papo hapo aulize mnara kwa sentensi moja fupi ndege ile ni ipi na iko wapi. Ikionekana na mnara ukaitambulisha kuwa ndiyo, kutua kuendelee. Isipoonekana, au jibu la mnara lisioane na kinachoonekana kwenye skrini, ighairiwe kutua, kwa kufuata njia rasmi ya kughairi iliyochapishwa kwa uwanja huo, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo mwongoza ndege anaitarajia na anaweza kuwaondoa wengine. Kukata kona kwa kubahatisha ukiwa futi 600 sikukubali hata kidogo.

Mengi ya haya yanategemea mtu ambaye sijamzungumzia bado, rubani wa ndege ndogo. Kanuni za kimataifa huitaka TCAS kwenye ndege za injini za tabini, zikiwemo za jeti, zenye uzito unaozidi kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19, hivyo Cessna Caravan inayokwenda Kilwa haiguswi na sharti hilo. Lakini transponda yake, ikiwa imewashwa na inatoa kimo, inatosha kuifanya TCAS ya ndege kubwa iione, ihesabu sekunde na itoe amri. Tarehe 31 Agosti 1986, DC-9 ya Aeroméxico iliyokuwa inashuka kwenda Los Angeles iligongana na Piper ndogo juu ya Cerritos, watu 82 wakafa, na transponda ya Piper ile haikuwa inatoa kimo. Ajali hiyo ndiyo iliyoifanya Marekani itunge sheria ya kuilazimisha TCAS mwaka uliofuata, na hata TCAS ya leo isingeweza kutoa amri yoyote dhidi ya ndege kama ile. Rubani wa ndege ndogo anayeondoka Kikwetu kuelekea Mtwara anaweza kukagua swichi hiyo kabla hajaondoka maegeshoni, na mwongoza ndege anaweza kumwomba aithibitishe anapoita mara ya kwanza redioni.